Kuongoza Upolarishaji wa Mwanga kwa Greti na Metasafesi: Mwongozo kwa Mbunifu wa Vifaa Vidogo

Bamba la nusu-wimbi lililochongwa kutoka fuwele ya kwatzi, likikusudiwa kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1550 unaosafiri katika kebo za faiba, huhitaji unene wa takriban mikromita 90 ili kuchelewesha sehemu moja ya mwanga kwa nusu wimbi nyuma ya nyingine. Bamba jembamba kiasi hicho huvunjika likishikwa tu, kwa hiyo watengenezaji hubandika pamoja mabamba mawili manene ambayo tofauti ya unene wao ndiyo hizo mikromita 90, na kifaa kizima huishia kuwa na unene wa milimita moja au zaidi. Greti ya silikoni, yaani safu ya matuta sambamba, yenye kimo cha takriban nanomita 550 hufanya kazi hiyohiyo, tena inaweza kuchongwa juu ya kioo ambacho tayari kimebeba lenzi au kihisio.

Tofauti hiyo haitokani na silikoni kuwa fuwele ya ajabu, kwa sababu silikoni yenyewe haina mpindo maradufu wowote wa kutajwa, yaani kiwango cha mpindo kinachotofautiana kwa kila upolarishaji. Inatokana na umbo. Ukipanga matuta membamba kuliko urefu wa wimbi, mwanga haukioni kila tuta peke yake, bali huona kitu kimoja ambacho kina tabia moja kwa mwelekeo wa matuta na tabia nyingine kwa mwelekeo unaoyakingama. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulitumia jambo hilo tangu hesabu ya kwanza ya kalamu hadi kipimo cha mwisho mezani. Unamfaa msomaji anayejua fizikia ya mawimbi ya kidato cha sita na anayeweza kuendesha programu ya kompyuta.

Ninaweka msimamo wangu mapema. Kama kazi unayotaka ni ileile juu ya uso mzima, kwa mfano kuchuja upolarishaji mmoja au kugeuza wa mstari kuwa wa duara, tumia greti ya kawaida na uache metasafesi, yaani uso bapa uliojaa nguzo ndogo zisizofanana. Metasafesi ina maana pale tu kazi inapobadilika kutoka nukta moja hadi nyingine ya uso huohuo. Wanafunzi wengi huanza na metasafesi kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa, kisha hutumia miezi kutengeneza kwa nguzo elfu kadhaa kitu ambacho matuta yaliyonyooka yangekifanya vizuri zaidi.

Andika kazi kabla ya kuchora umbo

Uga wa umeme wa mwanga hutikisika katika sehemu-bapa inayokingama njia ya mwali. Ukitikisika kwenye mstari mmoja, upolarishaji ni wa mstari. Ncha yake ikizunguka, upolarishaji ni wa duara au, katika hali ya jumla, wa duaradufu. Hesabu iliyotungwa na R. Clark Jones mwaka 1941 huandika hali ya mwanga kama safu ya namba changamano mbili, na kifaa kama matriki ya 2 kwa 2 inayobadilisha safu moja kuwa nyingine. Kwa mwanga usiopolarishwa kikamilifu, kama ule wa angani au wa taa ya nyumbani, hesabu hiyo haitoshi, na hapo hutumika vigezo vinne vilivyoletwa na George Gabriel Stokes mwaka 1852.

Hatua ya kwanza ya kazi, basi, ni kuandika matriki unayoitaka. Bamba la robo-wimbi ni matriki yenye namba mbili kwenye ulalo, zinazotofautiana awamu kwa nyuzi 90. Kipolarishi ni matriki ambayo mojawapo ya namba hizo ni sifuri. Kifaa kinachogawanya mwanga wa upolarishaji wa mlalo kwenda kushoto na wa wima kwenda kulia ni matriki ambayo awamu zake mbili zinabadilika kadiri unavyosogea kwenye uso. Mara tu unapoona herufi x na y za mahali zikiingia ndani ya matriki, umevuka mpaka wa greti na kuingia kwenye metasafesi.

Andika pia, kwenye ukurasa huohuo, unamaanisha nini unaposema upolarishaji wa duara wa mkono wa kulia. Vitabu vingi vya optiki humweka mtazamaji akiukabili mwanga unaomjia, ilhali wahandisi wa antena humweka akiutazama wimbi linavyoondoka, na majina mawili hubadilishana. Mimi nilipoteza siku mbili nikitafuta kosa kwenye nguzo ambazo hazikuwa na kosa lolote. Programu ilikuwa ikifuata kanuni moja na daftari langu nyingine.

Greti ya waya: kuchuja

Kifaa cha zamani kuliko vyote katika familia hii ni safu ya waya sambamba. Heinrich Hertz aliitumia mwaka 1888 kuonyesha kwamba mawimbi ya redio yana upolarishaji, na mwaka 1960 Bird na Parrish waliifikisha kwenye infraredi kwa kuvukizia metali kwa mshazari juu ya nakala ya plastiki ya greti.

Wengi hukosea namna inavyofanya kazi. Watu hufikiria nondo za dirisha: fimbo iliyoshikwa wima hupita kati ya nondo za wima, na ya mlalo hukwama. Kwa mwanga mambo ni kinyume. Uga wa umeme unaotikisika sambamba na waya husukuma elektroni huku na huko kwenye urefu wote wa waya, nazo elektroni huurudisha mwanga nyuma kama kioo cha kujitazamia. Uga unaokingama waya hauzipi elektroni nafasi ya kukimbia, hivyo hupita. Ukiweka greti kwa kufuata picha ya nondo, kifaa chako kitapitisha hasa kile ulichotaka kukizuia.

Kwa mwanga unaoonekana tumia alumini, na uweke nafasi kati ya katikati ya waya mmoja na katikati ya mwingine isiyozidi theluthi moja ya urefu wa wimbi mfupi kuliko yote unayoujali. Kwa bluu ya nanomita 450 hiyo ni nanomita 150. Waya ukiwa mrefu zaidi kwa kimo, uzimaji huongezeka, yaani uwiano kati ya mwanga unaotakiwa kupita na ule unaovuja. Sony walipotoa mwaka 2018 kihisio cha kamera kilichojengewa greti za namna hii juu ya kila pikseli ya mikromita 3.45, kwa pembe nne za nyuzi 0, 45, 90 na 135, walionyesha jinsi wazo hili linavyoweza kushuka hadi udogo wa pikseli moja. Lina gharama zake, hata hivyo: kila greti hutupa nusu ya mwanga usiopolarishwa unaoifikia, na pembe nne za mstari haziwezi kukuambia lolote kuhusu upolarishaji wa duara.

Greti ya matuta: kuchelewesha

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo ningemshauri anayeanza akae muda mrefu.

Kwanza hakikisha greti haitawanyi mwanga katika miale ya pembeni. Sharti ni kwamba umbali wa kujirudia kwa matuta uwe mdogo kuliko λ / (n + sin θ), ambapo λ ni urefu wa wimbi katika hewa, n ni kiwango cha mpindo cha kioo kilicho chini, na θ ni pembe ambayo mwanga unaingia nayo kutoka hewani. Kwa nanomita 1550, kioo cha silika chenye kiwango cha 1.444 na mwanga unaoingia wima, kikomo ni nanomita 1073. Mwanga ukiinama kwa nyuzi 30, kikomo hushuka hadi takriban nanomita 797. Wabunifu husahau mara kwa mara kwamba kifaa kidogo hupokea mwanga wa pembe nyingi kwa pamoja, hivyo kikomo cha kufuatwa ni kile cha pembe kubwa kuliko zote.

Chukua umbali wa nanomita 500, matuta ya silikoni yenye kiwango cha mpindo cha 3.48, na hewa kati yao, kila kimoja kikichukua nusu ya nafasi. Makadirio ya kwanza ni mepesi. Kwa uga ulio sambamba na matuta, chukua wastani wa mraba wa viwango vya mpindo: nusu ya 12.1 jumlisha nusu ya 1 ni 6.55, na kipeo chake cha pili ni 2.56. Kwa uga unaokingama matuta, chukua wastani wa vinyume vya miraba hiyo, kisha kinyume cha wastani huo: jibu ni 1.85, na kipeo chake cha pili ni 1.36. Tofauti ni 1.20, ukilinganisha na takriban 0.0085 ya kwatzi. Robo ya wimbi inahitaji kimo cha 1550 ÷ (4 × 1.20), yaani nanomita 323.

Sasa usiende karakana na namba hiyo. Makadirio ya wastani ni kweli pale matuta yanapokuwa madogo mno kuliko wimbi, na nanomita 500 si ndogo mno mbele ya 1550, hasa ndani ya silikoni ambamo wimbi lenyewe limebanwa hadi nanomita 445. S. M. Rytov alitoa mwaka 1956 hesabu inayoongeza sahihisho linalokua kwa mraba wa uwiano wa umbali kwa urefu wa wimbi. Ukiitumia hapa, kiwango cha sambamba hupanda kutoka 2.56 hadi takriban 3.03, na cha kukingama kutoka 1.36 hadi 1.61. Tofauti huwa 1.42, na kimo cha robo ya wimbi hushuka hadi nanomita 273 hivi. Nanomita hamsini za makosa, katika kifaa cha nanomita mia tatu, zingetosha kukupa duaradufu badala ya duara.

Hata sahihisho hilo ni la kuanzia tu. Jibu la kutegemewa hutoka kwenye mbinu ya mawimbi yaliyounganishwa ambayo Moharam na Gaylord waliieleza mwaka 1981, na ambayo leo inapatikana bila malipo katika programu kama S4 ya Chuo Kikuu cha Stanford. Meep, iliyoanzia MIT, hufuata njia nyingine ya kulitembeza wimbi hatua kwa hatua katika muda, na hufaa zaidi maumbo yasiyojirudia. Ukitumia ya kwanza, jihadhari na uga unaokingama matuta. Kwa miaka mingi hesabu za upande huo zilichelewa mno kutulia, hadi mwaka 1996 ilipoonyeshwa namna sahihi ya kuzidisha mifuatano ya Fourier kwenye ukingo mkali. Jaribu hivi: endesha hesabu kwa harmoniki 21 (vipande vya mfuatano wa Fourier), kisha 41. Kama tarakimu ya tatu ya jibu inabadilika, bado hujafika.

Katika programu, tazama vitu viwili kwa pamoja: tofauti ya awamu na kiasi cha mwanga kinachopita kwa kila mwelekeo. Bamba la greti si fuwele ya kupakwa dawa ya kuzuia mwakisi. Kila mwelekeo huakisiwa kwa kiasi chake. Katika mfano wetu, uga wa sambamba hukuta ndani ya matuta unene wa zaidi kidogo ya nusu wimbi. Uga wa kukingama hukuta unene wa zaidi kidogo ya robo wimbi, hivyo huakisiwa kwa kiasi kingine. Kama upolarishaji unaoingia ni mmoja na haubadiliki, dawa yake ni rahisi: usiulaze kwa nyuzi 45 kamili, bali usogeze kidogo kuelekea upande unaopoteza zaidi, ili nguvu za pande mbili zitoke zikiwa sawa. Kama upolarishaji unaoingia hubadilika, itabidi ubadilishe upana wa tuta na kimo kwa pamoja mpaka pande zote mbili zipite sawasawa.

Ambaye hana karakana ya nanomita asikate tamaa, kwa kuwa milinganyo ya Maxwell haijali ukubwa. Maabara ya shule iliyo na seti ya mawimbi ya mikrowevu ya urefu wa sentimita 3 inaweza kujenga haya yote kwa mikono. Waya za shaba zilizofungwa kwenye fremu ya mbao kwa nafasi ya milimita 5 ni kipolarishi kizuri. Vipande vya plastiki ya akriliki vya unene wa milimita 3, vilivyosimamishwa kwa nafasi ya milimita 3 kati yao, ni greti ya matuta. Mraba wa kiwango chake cha mpindo ni takriban 2.6, hesabu ya wastani inatoa tofauti ya 0.14, na robo ya wimbi hupatikana vipande vikiwa na kina cha sentimita 5.4 hivi. Zungusha kipokezi nyuma yake: kwa greti iliyolazwa nyuzi 45, usomaji utabaki karibu uleule kwa kila pembe, na hapo utakuwa umeuona upolarishaji wa duara kwa macho yako.

Metasafesi: kila mahali na kazi yake

Sasa tuchukulie kwamba kazi inabadilika juu ya uso. Tunataka bamba moja linalopeleka upolarishaji wa mlalo upande mmoja na wa wima upande wa pili, bila mche wa kioo. Awamu ya mlalo ipande kwa mzunguko mmoja kamili kila mikromita 5.2, na ya wima ishuke kwa kasi hiyohiyo. Sine ya pembe ya mchepuko ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa umbali huo: 1.55 ÷ 5.2 ni 0.298, ambayo ni nyuzi 17.3. Miale miwili itatengana kwa karibu nyuzi 35.

Gawa mikromita 5.2 katika vyumba nane vya nanomita 650, kila kimoja na nguzo moja ya silikoni ya mstatili. Upande wa nguzo ulio kwenye mhimili wa x hutawala zaidi awamu ya uga wa mlalo, na ule wa y hutawala ya wima. Kimo ni kimoja kwa nguzo zote, kwa kuwa zitachongwa kwa pamoja, na lazima kitoshe kutoa mzunguko mzima wa awamu. Ikiwa kiwango cha mpindo kinachohisiwa na wimbi huenda kutoka 1.1 kwa nguzo nyembamba hadi 2.8 kwa nene, kimo kinachotakiwa ni 1550 ÷ 1.7, yaani nanomita 912. Chukua 950 ili uwe na akiba.

Kisha tengeneza maktaba. Endesha programu kwa pande zote mbili kuanzia nanomita 150 hadi 500 kwa hatua ya 10, ambayo ni maumbo 1,296. Kwa mwanga unaoingia wima katika vyumba vya mraba, nguzo ya 200 kwa 300 ni ileile ya 300 kwa 200 iliyogeuzwa, hivyo hesabu 666 zinatosha. Kwa kila chumba tafuta umbo ambalo majibu yake mawili, yakichukuliwa kama namba changamano, yako karibu zaidi na mawili unayoyataka. Usilinganishe awamu peke yake, kwa sababu utachagua nguzo zilizo kwenye mwangwi (rezonansi) mkali, ambazo zina awamu sahihi lakini hazipitishi mwanga, na ambazo kosa la nanomita tano huzitupa mbali kabisa.

Katika kifaa hiki kuna zawadi ndogo. Ukihesabu vyumba kuanzia 0 hadi 7, chumba cha k kinataka awamu za nyuzi 45k na hasi 45k, na chumba cha 8 − k kinataka zilezile zikiwa zimebadilishana. Kwa hiyo nguzo ya saba ni ya kwanza iliyogeuzwa nyuzi 90, ya sita ni ya pili, ya tano ni ya tatu, na zilizobaki mbili ni za mraba. Kifaa kizima kina maumbo matano tu. Kuhusu ufanisi, ngazi nane badala ya mteremko laini huweka dari ya asilimia 95 hata kama kila nguzo ni kamilifu. Ngazi nne zingekushusha hadi 81. Kundi la Faraon huko Caltech lilionyesha mwaka 2015, kwa nguzo za silikoni za umbo la duaradufu katika nanomita 915, kwamba awamu na upolarishaji vinaweza kuongozwa pamoja namna hii bila kupoteza mwanga mwingi.

Ukitaka kila mwale ukusanyike kwenye kitone chake, ongeza kwenye awamu zote mbili awamu ya lenzi, yaani −(2π/λ)(√(x² + y² + f²) − f), ambapo f ni umbali wa kitone, halafu tafuta upya katika maktaba ileile. Sasa zawadi ya maumbo matano imekwisha, lakini kazi ya mikono haijaongezeka.

Kuzungusha badala ya kupanua

Kuna njia ya pili ya kuandika awamu, ambayo haitaki maktaba kubwa. Chukua nguzo moja iliyo bamba la nusu-wimbi, na uizungushe mahali ilipo. Mwanga wa duara ukiipita hubadili mkono na kupata awamu iliyo mara mbili ya pembe ya mzunguko. Nguzo ikizungushwa kutoka nyuzi 0 hadi 180, awamu hukamilisha nyuzi 360. Awamu hii ya kijiometri hubeba majina ya S. Pancharatnam, aliyeieleza kwa upolarishaji mwaka 1956, na Michael Berry, aliyeipa sura ya jumla mwaka 1984. Erez Hasman na wenzake huko Technion waliitumia mwaka 2002 katika greti za gali aseniki ambazo mwelekeo wa matuta ulibadilika mahali hadi mahali, kwa leza ya mikromita 10.6.

Uzuri wake ni kwamba awamu inategemea pembe tu, na karakana huchora pembe kwa usahihi kuliko inavyochora upana. Ubaya wake ni kwamba ishara hugeuka kwa mkono wa pili: lenzi inayokusanya mwanga wa mkono wa kulia huutawanya wa kushoto. Mwanga ambao nguzo hazikuugeuza huvuja moja kwa moja katikati bila kuchepuka. Sehemu inayogeuzwa ni sin² ya nusu ya ucheleweshaji: ukipata nyuzi 160 badala ya 180 bado una asilimia 97, na kwa nyuzi 150 una 93. Kwa lenzi hiyo si hasara kubwa. Kwa hologramu yenye giza katikati, asilimia saba ni kitone kinachong'aa mahali pasipotakiwa kitu.

Njia mbili zikiunganishwa, upana na mzunguko, unaweza kutenganisha jozi yoyote ya upolarishaji unaopingana, hata wa duaradufu, kama kundi la Federico Capasso huko Harvard lilivyoonyesha mwaka 2017. Mpaka wake ni huu: nguzo za tabaka moja zenye ulinganifu wa kioo hutoa matriki zilizo sawa pande mbili za ulalo, na kwa sababu hiyo mwanga huo hutoka ukiwa umebadili mkono. Kama kazi yako inakataza jambo hilo, utahitaji tabaka mbili, na usipoteze muda kulitafuta jibu kwenye tabaka moja. Kundi hilohilo mwaka 2019 lilitengeneza greti ya metasafesi ambayo miale yake minne ya pembeni kila mmoja hupima hali moja ya upolarishaji, ya duaradufu ikiwemo. Ikiwekwa mbele ya kihisio cha kawaida, huwa kamera inayosoma vigezo vyote vinne vya Stokes bila sehemu inayozunguka na bila vichujio vya kunyonya mwanga.

Karakana

Silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele huwekwa juu ya kioo kwa plazma, rezisti (tabaka la kuchorea) hupakwa, mchoro huandikwa kwa miale ya elektroni, barakoa ngumu ya kromi au oksidi ya alumini huachwa juu ya nguzo, na kilichobaki huchimbwa kwa gesi za florini. Pima kiwango cha mpindo cha silikoni yako mwenyewe kabla ya kujenga maktaba, kwa kuwa hutofautiana kutoka mashine moja hadi nyingine. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo paka polima inayopitisha umeme juu ya rezisti, la sivyo elektroni zitajikusanya na mchoro utapotoka. Kwa mwanga unaoonekana silikoni hunyonya mno. Tumia oksidi ya titani, ambayo kundi la Harvard liliitumia mwaka 2016 kutengeneza lenzi bapa za nanomita 405, 532 na 660 kwa nguzo za kimo cha nanomita 600.

Usiagize kifaa kimoja. Weka kwenye kioo kimoja nakala tisa za mchoro uleule, pande zote za nguzo zikipunguzwa au kuongezwa kwa hatua ya nanomita 5, kutoka hasi 20 hadi chanya 20. Upana halisi haulingani na mchoro karibu kamwe, na moja ya nakala hizo ndiyo itakayofanya kazi.

Kupima

Weka kipolarishi cha kuingilia baada ya kioo cha mwisho cha kuakisi, kwa sababu vioo vya metali hubadilisha upolarishaji vinapoinamishwa. Bila kifaa chako, zungusha kipolarishi cha kutokea na uone kama usomaji unafuata cos² ya pembe, sheria aliyoiacha Étienne-Louis Malus. Kama bonde la mchoro huo halishuki hadi chini ya sehemu moja kwa elfu, huna namna ya kudai uzimaji bora kuliko huo.

Kisha ingiza kifaa na upime nguvu sita: kwa nyuzi 0, 90, 45 na 135, na kwa duara la kulia na la kushoto kwa msaada wa bamba la robo-wimbi. Jumla ya mbili za kwanza ni kigezo cha kwanza cha Stokes, na tofauti za jozi tatu ni vingine vitatu. Jumla ya miraba ya hivi vitatu isizidi mraba wa cha kwanza. Ikizidi, leza yako inayumba au pembe za bamba si sahihi.

Leza itakuletea mawimbi ya kupanda na kushuka yanayotokana na mwanga kurudi-rudi ndani ya kioo cha chini. Kwa kioo cha mikromita 500 katika nanomita 1550, hujirudia kila nanomita 1.7 ya urefu wa wimbi. Sogeza leza kwa nanomita kadhaa na uchukue wastani, au upake upande wa nyuma dawa ya kuzuia mwakisi. Ufanisi ugawe kwa mwanga wote ulioingia katika eneo la kifaa, si kwa ule uliopita, kwa sababu kugawa kwa uliopita huficha kila kilichoakisiwa.

Nguzo hizi hazivumilii kitambaa cha kufutia miwani, zikiguswa huanguka. Kama kifaa kitatoka maabara, zifunike kwa kioo chenye nafasi ya hewa, au zijaze kwa polima. Ukichagua polima, tofauti kati ya silikoni na kilichoizunguka hupungua, awamu zote hubadilika na kimo kinachotakiwa huongezeka, hivyo polima hiyo iingizwe kwenye maktaba tangu siku ya kwanza.